Shamba ni Amana

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeitandaza ardhi akaotesha humo riziki za waja wake. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo: watu wengi wa Unguja na Pemba hudhani kuwa mambo ya shamba ni ya jembe na panga tu, na kwamba dini haina neno humo illa siku ya kugawa urithi. Dhana hii ndiyo mlango wa khasara.

Mfano wake ni huu. Mtu ana eka tatu za mikarafuu, na humo mna minazi michache na muhogo wa kula. Akifikwa na haja ya fedha, ikiwa ni ugonjwa au ni arusi ya binti, humwendea mwenye fedha akamkodisha miti yake kwa msimu ujao, hali karafuu haijachipua. Hupokea kidogo, kwani mkodi naye akhofia mwaka wa uchache. Msimu uingiapo, mkodi huleta wachumaji wake. Na kwa kuwa miti si yake, hawazuii kuvunja matawi ili wamalize upesi. Mwenye shamba naye hapalilii; apalilie mazao ya nani? Basi mti huwa na mabwana wawili, wala hauna mlinzi hata mmoja. Mwisho wake ni kuni.

Wala jambo hili si geni. Tufani ya mwaka 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikasalimika zaidi. Upepo ule ulikuwa kadari ya Mungu, na miti ikapandwa tena. Lakini deni liling'oa mashamba ambayo tufani haikuyagusa. Wenye mashamba walikuwa wakiuza kwa bei ya khiyari: humwuzia mkopeshaji shamba kwa sharti la kulikomboa, kisha hulikodi shamba lile lile kwake. Kodi ile ilikuwa ni faida ya mkopo iliyovikwa kanzu nyingine. Hata mwaka 1934 serikali ilitoa amri ya kuzuia mashamba ya Waarabu na Waafrika yasihamie kwa wengineo. Kisha yakaja mapinduzi ya mwaka 1964, mashamba makubwa yakatwaliwa, na watu wakagawiwa eka tatu tatu. Jina la mwenye shamba likabadilika, swali halikubadilika.

Nalo swali ni hili: je, mtu ana ruhusa ya kula leo riziki ya wanawe ya kesho?

Mtume, s.a.w., amekataza kuuza matunda kabla ya kudhihiri kufaa kwake, ili mtu asichukue mali ya nduguye kwa kitu ambacho huenda Mungu akakizuia. Na wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi hawaisahihishi ijara ya miti kwa ajili ya matunda yake. Tena alipotaka Saad bin Abi Wakkas kuusia mali yake nyingi, Mtume alimwekea mpaka wa thuluthi, na akambainishia kuwa kuwaacha warithi wakiwa na kitu ni bora kuliko kuwaacha wakiomba watu. Ni kweli kwamba mzima mwenye akili hakukatazwa kutumia mali yake. Lakini aliyezuiliwa kutoa zaidi ya thuluthi katika wasia, hata kwa mambo ya kheri, atajibu nini akiwa ameimaliza yote kwa karamu ya siku tatu?

Huenda mtu akasema: Mwenye njaa hangoji mkarafuu, nao hukaa miaka sita au zaidi ndipo uzae. Neno hili ni la haki, na si uadilifu kumlaumu mgonjwa kwa kutafuta dawa. Basi lawama igawanywe. Mwenye kukodisha kwa ajili ya fakhari, dhambi ni yake. Mwenye kukodisha kwa dharura, na jirani zake wana fedha za kumkopesha mkopo mwema nao wamezifunga, wao ndio wa kuulizwa kwanza. Na mwenye kuingojea dhiki ya nduguye ili apate miti kwa bei ya kutupa, huyo ni mshirika katika dhulma, hata akiandikiana kwa mashahidi.

Na njia iliyo salama ni nyepesi kwa mwenye nia. Karafuu ichumwe na mwenyewe, na wachumaji walipwe ujira wao kwa kipimo, tawi lisivunjwe, na kila mti ufao upandwe mwingine mahali pake. Mwenye kupanda, kila atakachokula mtu au ndege au mnyama katika mti wake ni sadaka yake. Aliyeukata huandikiwa nini?

Wallahu aalam.