Njoo Kabla ya Baridi

Somo: 2 Timotheo 4:9-21

Tunawasalimu ninyi nyote wa kanisa letu hapo Nyarugusu: wazee wa kanisa, akina mama, vijana na wanakwaya. Tunawaandikia kutoka Denver, Marekani. Sisi si wachungaji. Ni mume na mke tuliokaa pamoja nanyi tangu 1998 hadi 2017. Lakini Mungu alitufundisha jambo moja barabarani, nasi tumeona si vema kulificha.

Mtume Paulo aliandika barua hii akiwa kifungoni Roma. Alijua kwamba mwisho wake umekaribia. Dema amemwacha, wengine wako mbali, Luka peke yake ndiye aliye pamoja naye. Anamwomba Timotheo mambo machache tu: aje upesi, aje na Marko, amletee joho aliloliacha Troa kwa Karpo, na vile vitabu. Halafu mwishoni kabisa analirudia ombi lake na kuongeza kwamba afanye bidii afike kabla ya majira ya baridi.

Kwa nini kabla ya baridi? Zamani zile, kuanzia Novemba hadi Machi hivi, merikebu nyingi hazikuthubutu kuvuka bahari ya Mediterania. Paulo mwenyewe alivunjikiwa merikebu kwa sababu walisafiri wakati umekwisha kupita (Matendo 27). Nayo barabara ya Warumi iliyotoka pande za Filipi na Thesalonike kwenda magharibi ilipanda milima mirefu. Timotheo akichelewa, itambidi asubiri mwaka mwingine. Na Paulo hakuwa na mwaka mwingine.

Tulisoma maneno hayo miaka mingi tukiwa Nyarugusu, na hayakutugusa. Kigoma hakuna theluji.

Sasa sikieni habari yetu. Tulipovuka ziwa Tanganyika na kufika kambini 1998, tulikuwa na watoto wawili na beseni moja. Mzee mmoja aliyetutangulia alikata turubai lake katikati akatupa nusu. Tukawa jirani zake kwa miaka 18. Mwaka 2014 mtoto wetu aliugua sana, na mzee huyo akatukopesha shilingi 80,000 tumpeleke Kigoma mjini. Mtoto akapona. Fedha hatukurudisha. Tulisema tutalipa tukiuza muhogo, kisha tukasema tutalipa mwakani. Mwaka 2016 Mzee akaondoka na familia yake kwenda Salt Lake City. Mwaka uliofuata sisi tukaletwa Denver.

Hapa tulikuwa na kazi na mshahara, lakini bado hatukulipa. Tulimpigia simu Krismasi na Pasaka, na kila mara tulimwambia, "Mzee, tutakuja mwakani." Watu walipotuuliza mbona hatuendi, tulijibu kwamba ni mbali, na kazi haitoi nafasi. Huo haukuwa ukweli wote. Kilichotuzuia ni aibu. Deni dogo likikaa muda mrefu huwa zito kuliko deni kubwa.

Desemba 2023 binti yake alitupigia. Akasema figo za Mzee zimeharibika, na mara tatu kwa wiki analala kwenye mashine ya kusafisha damu. Akasema, "Baba anawauliza. Anasema mje, na mkija mumletee dagaa." Usiku ule hatukulala. Kesho yake tuliomba ruhusa kazini tukapewa siku tatu.

Kutoka Denver hadi Salt Lake City kwa njia tuliyopita ni zaidi ya kilomita 800, na katikati imekaa milima inayoitwa Rocky. Ndugu mmoja wa kanisani alikagua gari letu akatuambia matairi yamekwisha. Sheria ya Colorado inasema kuanzia Septemba hadi Mei gari linalopita barabara ile ya milimani liwe na matairi yanayofaa kwa theluji, au libebe minyororo ya kufunga kwenye matairi. Tulinunua matairi manne yaliyokwisha kutumika, kwa fedha tuliyoweka kwa ajili ya kodi ya nyumba. Tukaondoka saa kumi alfajiri na mablanketi, chupa ya chai na maandazi.

Sisi ni watu wa milima ya Itombwe, tulidhani tunaijua baridi. Tulipofika kwenye handaki la Eisenhower, ambalo liko karibu mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, theluji ilikuwa inaanguka. Tulipotoka upande wa pili hatukuona mlima, wala mbingu, wala barabara. Kabla ya kilele cha Vail polisi walisimamisha magari yote, kwa sababu malori yalikuwa yameteleza na kuziba njia. Tulikaa pale saa tatu. Mama alianza kusema turudi, na Baba naye alikuwa anawaza hivyo hivyo ila hakutaka kuwa wa kwanza kusema. Lakini nyuma yetu palikuwa na magari mengi, kurudi hakukuwezekana. Tukaimba nyimbo zote za kwaya tunazozijua.

Njia ilipofunguliwa, gari kubwa la kukwangua theluji lilitangulia, na sisi sote tukalifuata polepole. Hatukuona kitu ila taa mbili nyekundu za gari lililokuwa mbele yetu. Tukavuka kwa taa hizo. Baada ya Grand Junction tulikuta jangwa la Utah, kavu na tupu, kisha usiku tukapanda tena milima mingine. Tulifika mlangoni kwa Mzee saa nane usiku.

Mzee alikuwa hajalala. Alikuwa amekaa kwenye kiti, amevaa koti na kofia, kana kwamba yeye ndiye anayesafiri. Alikuwa amekonda sana. Tukampa mfuko wa dagaa. Mkewe akasema, "Daktari amemkataza, chumvi yake ni sumu kwake." Mzee akaufungua, akanusa muda mrefu, akasema, "Ziwa letu." Akamrudishia mkewe awapikie wageni.

Ndipo tukatoa bahasha yenye dola 100, tukapiga magoti, tukamwomba msamaha. Tulidhani atasema, "Acheni, nilikwisha kusahau." Hakusema hivyo. Alifungua bahasha, akahesabu, akaiweka ndani ya Biblia yake. Akasema, "Nilikuwa nakumbuka. Nilisamehe zamani, lakini nilijua ninyi hamjapumzika. Sasa tumelala vizuri sote."

Wapendwa, tumejifunza mambo matatu.

Kwanza, aliye katika shida humhitaji mtu kabla ya kuhitaji kitu. Paulo aliomba joho na vitabu, lakini neno alilolitangulia na kulirudia ni kuja. Sisi tulio huku tusidhani kwamba kutuma fedha kunatosha. Nanyi mlio hapo msiseme hamna cha kumpelekea mgonjwa. Mpelekeeni ninyi wenyewe.

Pili, tuchunguze kinachotuzuia. Mara nyingi tunataja umbali, mvua au kazi, na chini yake kuna deni, neno baya au wivu. Bwana Yesu alisema tukikumbuka madhabahuni kwamba ndugu ana neno juu yetu, tuiache sadaka tukapatane kwanza (Mathayo 5:23-24). Jirani yako hakutenganishwi naye na milima ya theluji. Pengine ni hatua mia mbili tu, lakini umezunguka njia nyingine kwenda bombani kwa miaka mitatu usikutane naye.

Tatu, kila jambo lina msimu wake wa kufungwa. Huku ni theluji, kwenu ni masika yanapokata njia. Wengi wenu mlikuwa mnangoja safari, na Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Tunajua uchungu huo, tunauombea. Lakini asiwepo mtu anayesema, "Nitapatana na fulani siku ya kuaga." Siku ya kuaga haiko mikononi mwetu.

Biblia haituambii kama Timotheo alifika kwa wakati. Pengine Mungu ameliacha hivyo ili sisi ndio tujibu. Mzee wetu alikuwa hai tulipoagana naye, na tangu hapo hatujamwambia tena neno "mwakani." Tunamwambia tarehe.

Tuombe: Ee Bwana, uliyetoka mbali kuja kwetu tulipokuwa wadeni wako, utuondolee aibu inayofunga miguu. Tupe taa ya mbele itutoshe kwa hatua moja, utufikishe kwa ndugu zetu kabla njia haijafungwa. Amina.

Ni sisi ndugu zenu katika Kristo, Denver.