MIKOKO NI NGOME, NA MWENYE KUIBOMOA HUMDHURU JIRANI

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu zetu Waislamu! Kila maji ya bamvua yakikutana na pepo kali za kusi, twasikia watu wakilalamika kuwa bahari imekula ardhi na kuingia majumbani, kisha husema: "Ni kadari ya Mungu." Kweli, hapana litokealo ila kwa kadari yake. Lakini twauliza: shoka lililokata mikoko, lilishikwa na nani?

Mwenyezi Mungu ameiweka mikoko baina ya nchi kavu na bahari kwa hikima kubwa. Mkoko husimama juu ya mizizi mingi iliyopindana kama miguu. Mchu nao hutoa mizizi kama vijiti vilivyochomoza matopeni. Wimbi likiingia humo hupiga mizizi, vigogo na matawi, nguvu zake zikavunjika. Waliopima wameona kuwa wimbi likipita mita 100 ndani ya mikoko, kimo chake hupungua kwa asilimia 13 mpaka 66, kwa kadiri ya msongamano wa miti. Tena mizizi hiyo hushika tope, ardhi isichukuliwe.

Lakini kujaa kwa bahari wakati wa tufani si sawa na wimbi. Kimo cha maji hayo hupungua sentimita 5 mpaka 50 tu kwa kila kilomita ya msitu. Basi asidhani mtu kuwa safu moja ya miti iliyobakishwa yatosha.

Hapa ndipo penye dhambi tunayoikhofia. Mwenye kukata huuza boriti zake akenda zake, na maji yakamwingilia mjane ambaye hakupata hata senti moja. Dini yetu imeharamisha kumdhuru mwenzio na kufanya uharibifu katika nchi. Hatusemi kuwa kukata mti kwa haja ya nyumba ni haramu. Watu wa Lamu, kwenye zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya, wamejenga kwa boriti tangu zamani. Tunalolikataza ni kufyeka mpaka libaki tope tupu.

Wala tawakkuli si kukaa bure. Mtume (S.A.W.) alimwamuru mtu amfunge kwanza ngamia wake, kisha amtegemee Mungu. Huko Gazi, msitu uliofyekwa katika miaka ya 1970 kwa kuni za viwandani ulianza kupandwa tena katika miaka ya 1990, na leo wenyeji wenyewe ni katika walinzi wake. Huko ndiko kumfunga ngamia.

Na ikiwa mwenye kupanda mti huandikiwa sadaka kwa kila kiumbe anayekula matunda yake, basi je, mwenye kupanda mti unaolinda nyumba ya jirani?

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wajenzi, wala si wabomozi. Amin.