Kibanio cha Nguo



Huko Philadelphia, Marekani, ng'ambo ya barabara kutoka jengo la halmashauri ya jiji, kuna sanamu ya kibanio cha nguo. Ndiyo, hiki hiki cha kuanikia, ila kile ni cha chuma na kina urefu wa karibu mita 14. Ni kazi ya msanii Claes Oldenburg, na kipo pale tangu 1976. Vipande vyake viwili vimesimama kama watu waliokumbatiana. Baadaye yeye na mke wake, Coosje van Bruggen, walitengeneza hata kijiko kikubwa kama daraja, kule Minneapolis.

Nilipoona picha ya kibanio kile nilicheka. Halafu nikanyamaza, maana kwetu vipo ndoo nzima. Mama yangu anafua nguo za watu. Ada yangu yote imetoka kwenye mabeseni yale. Na siku alipokuja shuleni kuilipa, mikono imechubuka kwa sabuni, wenzangu wakaniuliza ni nani. Nikajibu, "Ah, huyo ni mama anayetufulia nyumbani."

Alisikia. Hakusema kitu.

Sasa watu wanasimama barabarani kupiga picha na kitu ambacho mimi nilikionea aibu! Nikawakumbuka watu wa Nazareti. Walimjua Yesu kwa kazi ya useremala, na hilo hasa ndilo lililowakwaza. Kila Alhamisi Kuu nasikia Injili ya kuoshwa miguu, lakini beseni lenyewe sikuwahi kulifikiria. Beseni, jamani, na kitambaa kiunoni, kama mama akiwa uani. Petro alikataa kuoshwa kwa sababu alimheshimu Bwana. Mimi, nadhani, ningekataa kwa kuogopa nani ananiona.

Nikaenda kwenye Kitubio. Padre akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na mama umeshamwambia?"

Nilikuwa bado.

Jumamosi nikamfuata mama kwenye kamba, nikashika ndoo ya vibanio, nikawa nampa kimoja kimoja. Kwenye shuka la tatu nikasema, "Mama, siku ile shuleni... naomba unisamehe." Alikaa kimya kidogo, mgongo amenipa. Akabana pembe ya shuka, kisha akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka.

"Lete kingine, baba."