Mzee na Mashindano ya Kinga

Je, yafaa mtu wa miaka sitini arudie mashindano aliyoyaacha angali kijana? Wengine hucheka: mzee akae barazani, mbio ni za vijana. Lakini swali hili, msomaji mpendwa, si la kuchekwa.

Tutazame mashindano ya baiskeli, yaani kinga kama tusemavyo huku kwetu, katika njia za changarawe. Katika mji wa Emporia, jimbo la Kansas huko Marekani, yalianza mwaka 2006 na watu 34 tu. Siku hizi huja maelfu. Safari yao mashuhuri ni ya maili 200, ndiyo kilometa 320 hivi, juu ya vilima vyenye mawe makali yakatayo mipira. Washindi humaliza kwa saa tisa au kumi. Wengine wengi hufika usiku, taa zikiwaka. Washindani hupangwa kwa umri, kusudi mzee asipimwe na kijana wa miaka 25.

Mpango huo ni wa haki. Lakini mzee aliyerudi ana mshindani mwingine asiyeandikwa katika orodha: ni yule kijana aliyekuwa yeye mwenyewe. Kilima alichokipanda zamani kwa dakika kumi, leo chamtaka kumi na tano. Akasirika, aongeza mazoezi bila kupumzika, siku ya mashindano aanza kwa mwendo wa zamani, na kabla ya nusu ya njia miguu imekwisha. Wivu juu ya jirani twaujua, tulionywa tangu utoto. Wivu juu ya nafsi yako ya jana, nani alituonya? Nao ni mbaya kupita ule wa kwanza, kwani jirani naye huchoka, lakini yule kijana hazeeki kamwe.

Robert Marchand, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1911, aliacha mashindano miaka mingi, akarudia baiskeli alipokaribia miaka sabini. Mwaka 2012, akiwa na miaka 100, alikwenda kilometa 24 kwa saa moja (uwanjani, si katika changarawe). Mwaka 2014 alifika karibu kilometa 27. Mwaka 2017, akiwa na miaka 105, alipata 22 na nusu. Mimi naistahi hesabu hii ya mwisho kuliko zile mbili. Alikubali mbele ya watu wote iandikwe hesabu ndogo kuliko ile yake ya zamani.

Tena kuna jambo la nyumbani, ambalo waendesha baiskeli hawapendi kulitaja. Safari ndefu hutaka mazoezi ya saa nyingi kila juma. Kijana akipoteza Jumamosi, anazo nyingine nyingi; za mzee zahesabika, na mkewe na wajukuu wana sehemu yao ndani yake. Basi sharti aulize nyumbani kabla ya kujiandikisha, wala si baada ya kulipa.

Huko Emporia zipo pia njia za maili 50 na 100. Wazee wengine huona haya kuzichagua, kwa kuwa zamani waliimaliza ile ndefu. Lakini aliyechagua fupi huweza kufika jua lingali juu, akaketi kula pamoja na jamaa waliokuja kumngoja.