Kweli Kinywani, Uongo Sikioni

Neno “si” ni herufi mbili tu, lakini katika Kiswahili lina nguvu ya kukanusha jambo zima. Tusemapo kwamba Mungu si Athumani, hata mtoto mdogo aelewa. Lakini neno hilo likivuka mpaka wa lugha hugeuka. Katika Kitaliano, lugha ya Wamisionari wa Consolata waliofika nchi ya Iringa mwaka 1919, sauti hiyo hiyo ni neno la kukubali. Katika Kifaransa, kisemwacho na wengi wa wafanyabiashara wa Kongo na Komoro wanaokuja Kariakoo kununua bidhaa, ni jibu la kumpinga mwenye kukanusha: ukimwambia mtu kwamba hakulipa, naye amelipa, hujibu “si”, yaani nimelipa. Na katika Kilatini maana yake ni “kama”. Padre abatizapo kwa sharti mtu ambaye haijulikani hakika kwamba alikwisha kubatizwa, maneno yake ya Kilatini huanza na “si”. Kukana, kukubali, kupinga, kuweka sharti: mambo manne katika sauti moja!

Jambo hili si geni. Mtakatifu Augustino, Askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliyefariki mwaka 430, aliliandika katika kitabu chake juu ya mafundisho ya Kikristo. Alitoa mfano wa neno “lege”, ambalo kwa Mgiriki ni amri ya kusema, na kwa Mlatini ni amri ya kusoma. Na neno “beta”, ambalo kwa Wagiriki ni jina la herufi, na kwa Walatini ni jina la mboga. Akafundisha kwamba maneno hayana maana kwa asili yake. Yana maana kwa sababu watu wa jamii moja wamepatana juu yake. Basi neno ni kama agano: halimilikiwi na msemaji peke yake, bali na msemaji pamoja na msikilizaji wake.

Mara nyingi tofauti hiyo haimdhuru mtu. Mji wetu wa Dar es Salaam una ushahidi wake. Jina la Kariakoo latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi ambao Waingereza waliwaweka mahali pale wakati wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Neno hilo la mwisho chanzo chake ni “corpus” ya Kilatini, yaani mwili. Sikio la Mswahili likasikia “koo”. Mwili ukawa koo, wala hakuna aliyedanganywa, kwa kuwa wote waliolitumia jina walikuwa wakiuonyesha mtaa ule ule.

Hatari huanza pale ambapo watu wawili wadhani wamepatana, kumbe hawakupatana. Tutazame maneno yetu ya kila siku, “ndiyo” na “hapana”. Ukimwuliza Mswahili, “Hukumwona?” naye hakumwona, kwa desturi ya lugha yetu atajibu “Ndiyo”, yaani ndivyo ulivyosema, sikumwona. Mwingereza akiulizwa swali hilo kwa lugha yake, naye hakumwona, atajibu kwa neno la kukana. Wote wawili wamesema kweli, na majibu yao yapingana. Sasa tufikiri habari ya shahidi mahakamani. Hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, kumbukumbu za mahakama zetu za juu ziliandikwa kwa Kiingereza, hata kama shahidi alisema Kiswahili. Shahidi aulizwapo kama hakumwona mshitakiwa, akajibu “Ndiyo”, mwandishi asiyeangalia vema aweza kuandika kwamba alimwona. Neno moja la kweli laweza kumfunga mtu asiye na hatia.

Hapo kosa ni la kutoangalia. Lakini kuna jambo lililo baya zaidi, nalo ndilo tutakalo lizungumzwe katika nyumba za Wakristo. Tuchukue mfano wa muuza samaki katika soko la Feri, pale Magogoni. Samaki wake amelala tangu jana. Mgeni ambaye Kiswahili chake ni cha kubahatisha amwuliza, “Samaki huyu hakulala?” Muuzaji ajibu, “Hapana.” Kwa Kiswahili safi amekiri: hapana, sivyo usemavyo, samaki amelala. Lakini aona wazi katika uso wa mgeni kwamba amesikia kinyume, yaani kwamba samaki ni wa leo. Basi hunyamaza, hupokea fedha, na hufunga samaki katika mfuko. Jioni mtoto wa mgeni aumwa tumbo. Je, mtu huyu amesema uongo?

Wako watakaomtetea. Watasema: neno lake lilikuwa kweli, na mnunuzi ajifunze lugha. Wenye elimu zaidi wataleta kisa kinachosimuliwa juu ya Mtakatifu Athanasio, Askofu wa Aleksandria. Adui zake walimfuata kwa mashua katika mto Nili, wakakutana naye bila kumtambua, wakamwuliza kama Athanasio yuko mbali. Akawajibu kwamba yuko karibu, nao wakapita mbio. Ikiwa Mtakatifu aliweza kusema neno la kweli na kuwaacha wengine wajidanganye, kwa nini muuza samaki asiweze?

Twajibu kwamba visa hivi havifanani. Waliomfuata Athanasio walitaka kumtendea udhalimu. Hawakuwa na haki ya kujua alipo. Kanisa latufundisha kwamba si kila aulizaye anastahili kuambiwa kila kitu. Siri ya maungamo yalindwa hata mbele ya mauti. Lakini mnunuzi atoaye fedha yake ana haki ya kujua anunuacho. Muuzaji hakuwa akilinda siri wala uhai wa mtu. Alikuwa akilinda faida yake. Tena Mtakatifu Augustino atufundisha kwamba uongo haupimwi kwa maneno tu, bali kwa nia ya kudanganya. Na katika mwaka 1679 Papa Inosenti XI alilaani mafundisho ya wale waliosema kwamba mtu aweza kuapa kwamba hakutenda alilolitenda, mradi moyoni mwake aongeze maneno mengine ambayo hakuna ayasikiaye. Neno la kweli likitumiwa makusudi ili kupanda uongo katika akili ya mwingine, mpandaji atavuna uongo.

Asidhani mtu kwamba haya ni mambo madogo ya sokoni. Nchi yetu yajua gharama yake. Tarehe 29 Novemba 1884, Mangungo wa Msovero, katika Usagara, alitia alama yake katika mkataba wa Kijerumani ulioletwa na Karl Peters. Mkataba ulitaja urafiki. Lakini maandishi yake yalitoa nchi yote ya Mangungo, pamoja na haki zake, ziwe mali ya chama cha ukoloni cha Peters. Mzee huyo hakuweza kuisoma lugha ile. Tarehe 27 Februari 1885, Kaisari Wilhelm I alitoa hati ya ulinzi juu ya nchi zilizopatikana kwa mikataba ya namna hiyo. Neno urafiki lilikuwa na maana moja katika nyumba ya Mangungo, na maana nyingine Berlin. Na aliyejua tofauti hiyo alinyamaza. Twawafundisha watoto wetu shuleni kwamba huo ulikuwa ulaghai, nasi twafanya vema. Lakini tukimlaumu Peters kwa mkataba wake, hatuwezi kumsifu muuzaji wa Magogoni au wa Kariakoo kwa ujanja wake. Tofauti ni ya ukubwa wa bidhaa.

Bwana wetu Yesu Kristu, akifundisha mlimani, alitutaka tuwe watu ambao kukubali kwao na kukana kwao kwatosha pasipo viapo. Hakuweka sharti kwamba neno liwe kweli kwa kamusi. Alitaka jirani aweze kulitegemea. Kwa hiyo wajibu wetu haukomi neno linapotoka kinywani. Hufika mpaka lilipopokewa.

Basi twawaomba wazazi, wafanyabiashara na wakalimani Wakatoliki washike desturi hizi. Mwulize mtu swali lisilo na ukanusho ndani yake, hasa akiwa mgeni au mtoto: “Samaki huyu ni wa leo?” Ukiulizwa, usijibu kwa neno moja ikiwa neno moja laweza kupotosha, sema sentensi nzima: “Samaki huyu alilala.” Ukiona katika uso wa mwenzako kwamba ameelewa sivyo, msahihishe kabla hujapokea fedha yake. Na katika nyumba ambamo mume ni wa kabila moja na mke wa jingine, zilizo nyingi sana katika mji huu, waulizane kwa upole, “Umenielewaje?” kabla ya kukasirika.

Tena katika kupima dhamiri zetu jioni tusijiulize tu, “Leo nilisema uongo?” Tujiulize pia, “Ni nani leo aliyeondoka kwangu akiamini jambo nililojua kwamba si kweli?” Na kama yuko, kesho asubuhi tumtafute, tumrudishie iliyo haki yake.