Sehemu ya Funza

Msomaji, ukipewa mbegu ambayo mmea wake humwua funza aulaye, je, utakubali kupanda mbegu ya kawaida pembeni mwa shamba, ili funza wale washibe? Swali hili laonekana la kipuuzi, lakini lafaa kufikiriwa.

Mwaka 1911 Mjerumani Ernst Berliner alieleza habari za bakteria mwenye kuua viwavi, akapewa jina kwa ajili ya jimbo la Thuringia. Sumu yake hutoboa utumbo wa kiwavi. Baadaye wataalamu walitwaa jeni ya sumu hiyo, yaani chembe ibebayo urithi, wakaitia katika pamba na mahindi. Desemba 2019 Kenya iliruhusu pamba ya namna hiyo ilimwe.

Lakini miongoni mwa funza wengi huzaliwa wachache wasiodhurika. Mashamba yote yakiwa na sumu, hao tu ndio watakaobaki, wazaane wao kwa wao, na watoto wao wairithi nguvu hiyo. Pembe ya mbegu ya kawaida hutoa nondo dhaifu wa kuchanganyika nao, na ushindi wa funza hucheleweshwa. Afrika Kusini walianza kulima mahindi ya sumu mwaka 1998; mwaka 2007 ilitangazwa kwamba funza wa mabua walikuwa wakiyala bila kufa. Wakulima wengi walikuwa hawakutenga pembe hiyo ipasavyo.

Sasa tumfikiri mkulima wa pamba karibu na Katito, mwenye nusu eka. Asema, "Shamba langu ni dogo, funza wangu hawawezi kuidhuru nchi." Peke yake asema kweli, wote wakisema hivyo, ni uongo. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukimwaga vilevile.

Hata hivyo, tusimlaumu upesi. Hasara ndogo kwa tajiri ni karo ya mtoto kwa maskini. Udhaifu wa funza ni mali ya wote, kama kisima cha kijiji. Basi haki yataka gharama ya kuulinda nayo iwe ya wote. Majirani na wapatane: mmoja aache sehemu ya funza, na wenzake wamfidie kwa mavuno yao.

Nawe, msomaji, ni kisima gani unachokitekea maji kila siku bila kushiriki kukilinda?