Kipande cha Plaiwudi



Kijana mwenzangu, leo nina kesi, na mshtakiwa ni mimi mwenyewe.

Kwaya yetu hapa Talatala ilikuwa na shida ya ngoma. Si unajua mvua za Kyela. Mwezi wa nne ngozi inanyonya unyevu, inalegea, na kabla ya Misa lazima mtu aipashe motoni. Wazee wa ing'oma wanalijua hilo tangu zamani. Basi nikaamua kuunda ngoma ya boksi, ile ambayo mpigaji anaikalia na kuipiga mbele kwa viganja. Kwa Kihispania huitwa cajón, yaani sanduku. Ilizaliwa Peru mikononi mwa Waafrika waliokuwa watumwa, na inasemekana walianza na makasha ya mizigo. Mwaka 2001 Peru iliitangaza kuwa urithi wa taifa.

Kazi yenyewe haidai karakana kubwa. Msumeno, nyundo, bisibisi, msasa, gundi ya mbao, na mbao za paini. Yangu ina kimo cha sentimita 47, upana na kina 30. Cha kubania sikuwa nacho, nikaizungushia mipira ya tyubu ya baiskeli, nikaiacha siku mbili maana kwa unyevu wa huku gundi inachelewa kushika. Nyuma nikatoboa tundu la sentimita 11, bila hilo sauti inabanwa ndani. Lakini ngoma yenyewe hasa ni uso wa mbele: plaiwudi nyembamba, milimita 3 hivi. Skrubu za kona za juu usizikaze sana, ndipo utapata ule mlio mkali. Ukishuka kuelekea katikati, besi.

Sasa hiyo plaiwudi ndiyo kesi. Niliitoa kwa fundi jirani, kwenye rundo la mabaki, jioni, mwenyewe hayupo.

Mwenzangu wa kwaya alicheka. "Taka hizo bwana! Angeishia kuwashia moto. Halafu ni kazi ya Mungu." Na kweli, Katekisimu namba 2408 inasema si wizi kama ridhaa ya mwenye mali inaweza kudhaniwa, au kama kukataa kwake kungepingana na akili na lengo la mali kuwa kwa ajili ya wote. Mtu mwenye njaa, asiye na nguo, asiye na pa kulala. Hata wale watumwa wa Peru, sidhani kuna padre angethubutu kuwadai makasha. Wao ndio walioibiwa, tena maisha mazima.

Mimi sikuwa na njaa. Nilikuwa na hamu ya kusikika Jumapili. Na kuhusu kudhani ridhaa, nilijiuliza swali moja tu: kama niliamini angekubali, kwa nini nilisubiri jioni? Kwa nini nilipita nyuma ya migomba? Kumbe miguu ilikuwa inajua kabla ya kichwa. Tena ni nani aliyenipa kazi ya kuamua kipi ni taka kwa mwenzangu? Kipande kile pengine kilikuwa kinangoja droo ya kabati la mtu.

Hoja ya "kazi ya Mungu" ndiyo inayonitisha zaidi, maana inageuza altare kuwa mahali pa kufichia. Kumbuka Daudi kwenye uwanja wa Arauna, 2 Samweli 24. Alipewa bure kila kitu, kwa moyo mweupe, ng'ombe hadi kuni. Akakataa, akalipa shekeli 50 za fedha, hakutaka kumtolea Mungu kitu kisichomgharimu. Daudi aliogopa kutoa alichopewa bure, na mimi nilikuwa tayari kutoa ambacho sikupewa kabisa!

Jumamosi nikajitwika boksi mpaka kwa fundi. Nikamwamkia shikamoo, nikaeleza. Aligeuza boksi, akapitisha kidole kwenye maungio, akasema nimeunga vibaya. Pesa hakutaka. Akanipa randa na kunionyesha mbao za milango ukutani.

Nimepiga randa Jumamosi mbili, imebaki moja. Boksi liko kwake mpaka hapo. Jumapili iliyopita tulipiga ngoma ya ngozi, imepashwa motoni, na ilipofika kutoa sadaka ilikuwa imeshalegea.